Kwa Nini Blow Out Haiwatoki Wapenzi wa Filamu

Ilipotoka mwezi Julai mwaka 1981, Blow Out ya mwongozaji Brian De Palma haikupokewa vizuri na umma. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 18 haikurudisha fedha hizo katika kumbi za sinema za Marekani, na habari za jinsi inavyomalizika ziliposambaa mdomo kwa mdomo, watu wengi walichagua kwenda kutazama kitu kingine. Majira hayohayo ya joto Raiders of the Lost Ark ilikuwa ikijaza kumbi, na wala si ajabu: nchi iliyokuwa imeshuhudia rais wake akipigwa risasi mwezi Machi haikuwa na hamu ya kuambiwa kwamba ukweli unaweza kutafutwa, ukapatikana, ukathibitishwa, na bado usimfae mtu yeyote. Hata hivyo leo ni vigumu kukaa na watu wanaoipenda sinema kwa dhati bila jina hilo kutajwa. Pauline Kael, mhakiki wa filamu wa jarida la The New Yorker, aliipigia debe tangu wiki zile za kwanza, na mwongozaji Quentin Tarantino ameitaja mara kadhaa miongoni mwa filamu tatu anazozipenda kuliko zote. Mimi pia nimo katika kundi hilo, na ningependa kueleza sababu. Nitasimulia kisa chote pamoja na mwisho wake, kwa kuwa sioni namna ya kuisifu filamu hii huku mwisho ukifichwa. Asiyependa kuharibiwa uhondo na aitazame kwanza.

Jack Terry, anayeigizwa na John Travolta, ni fundi wa sauti katika kampuni ndogo ya Philadelphia inayotengeneza filamu za kutisha za bei ya chini. Usiku mmoja, akiwa darajani anarekodi sauti za upepo, gari linapasuka tairi, linavunja ukingo wa daraja na kutumbukia kijitoni. Anajitosa majini na kumwokoa msichana aitwaye Sally, ambaye ni Nancy Allen. Mwanamume aliyekuwa naye, ambaye amekwisha kufa, ni Gavana McRyan, mtu aliyekuwa akipewa nafasi kubwa ya kuwa rais. Hospitalini Jack anaombwa na msaidizi wa gavana asahau kwamba garini mlikuwa na msichana, ili familia ya marehemu isiaibike. Lakini mkanda wake umenasa milio miwili, wala si mmoja. Kabla ya tairi kupasuka, kuna mlio wa risasi.

Anayeijua historia ya sinema atatambua mara moja kwamba De Palma alikuwa akifikiria filamu mbili zilizomtangulia. Ya kwanza ni Blow-Up ya Michelangelo Antonioni ya mwaka 1966, ambamo mpiga picha wa London anakuza picha alizopiga bustanini mpaka anaamini ameona maiti. Ya pili ni The Conversation ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1974, ambamo Gene Hackman ni mtaalamu wa kunasa mazungumzo ya watu kwa siri, naye anarudia mkanda mmoja mpaka unamkosesha usingizi na imani. Kwa sababu ya ukoo huo, na kwa sababu ya mambo mengi ambayo De Palma alikuwa ameyakopa kwa miaka mingi kwa Alfred Hitchcock, bingwa wa filamu za taharuki, waliomkosoa walimwita mwigaji. Naona walihesabu vifaa alivyokopa wakasahau kuangalia alichokifanya navyo. Katika Blow-Up, kadiri picha inavyokuzwa ndivyo inavyozidi kuwa madoadoa, mpaka mtu hana hakika kama palikuwa na chochote. Katika The Conversation, maneno yamesikika sawasawa lakini yameeleweka visivyo. Jack hana matatizo hayo. Kila anaporudi kwenye mkanda wake ushahidi unazidi kuwa wazi. Alichosikia ndicho kilichotokea, anachokishuku ni kweli, na hesabu zake zote zinatoka sawa. Pamoja na hayo yote, anaambulia patupu. Filamu nyingi za njama humtesa shujaa wake kwa mashaka. Hii inamtesa kwa hakika, na kila pambo la mtindo wake, kuanzia lenzi hadi rangi, lina kazi katika mateso hayo.

Tazama inavyoanza. Tunaingia kwanza ndani ya filamu nyingine, ya ovyo kabisa: kamera inanyatia nje ya bweni la wasichana wa chuo, inachungulia madirishani, tunasikia pumzi nzito na mapigo ya moyo ya muuaji tusiyemwona, tunafika bafuni, kisu kinainuliwa, na msichana aliye chini ya bomba la maji anafungua kinywa na kutoa yowe dhaifu la kuchekesha. Ghafla tupo katika chumba cha kuonyeshea, Jack anacheka, na bosi wake analalamika kwamba yowe lile halifai hata kidogo na kwamba upepo unaosikika nje ya bweni ni uleule waliokwisha kuutumia katika filamu zao nyingine. Fundi apewe kazi mbili: alete upepo mpya, alete na yowe jipya. Mtazamaji huchukulia tukio hili kama mzaha wa kuwachangamsha watu, na ni mzaha kweli, tena wenye chumvi, kwa sababu De Palma anawacheka wale waliomwambia kwamba filamu zake mwenyewe zimejaa wasichana bafuni na visu. Lakini kazi hizo mbili ndizo zitakazobeba kisa kizima mabegani mwake. Kutafuta upepo kunampeleka Jack darajani. Yowe nalo atalipata.

Baada ya hapo majina ya waigizaji yanapita huku skrini ikiwa imegawanywa: upande mmoja Jack yuko kazini akizipanga na kuzipa majina sauti zake, upande wa pili televisheni inatangaza habari za gavana na matumaini yake ya urais. Watu hawa wawili hawajuani na hawatawahi kuzungumza, lakini wamekwisha kuwekwa bega kwa bega.

Tukio la darajani ndilo ambalo watu wanaopenda ufundi wa sauti hulirudia tena na tena. Jack amesimama gizani juu ya kijito cha Wissahickon, kinasa sauti chake aina ya Nagra kikiwa begani na maikrofoni ndefu mkononi. Anaielekeza kwa wapenzi wawili wanaonong'onezana njiani, na sauti zao zilizokuwa mbali zinasogea masikioni mwetu. Mwanamke anamwona yule mtu wa darajani na kushuku kwamba ni mchunguliaji. Anaigeuza kwa chura. Anaigeuza kwa bundi, na bundi anajaa upande mmoja wa skrini kwa ukaribu wa kutisha, macho wazi, huku Jack akionekana mdogo kule nyuma, naye pia akiwa wazi kabisa. Kisha inasikika sauti ngeni, kama ya waya unaovutwa na kurudi haraka. Jack anaitafuta kwa maikrofoni yake, haipati, na mara gari linatokea kwa kasi. Anayetazama kwa mara ya kwanza huisahau sauti ile kwa sababu ya mambo makubwa yanayofuata. Baadaye sana ndipo tunapomwona Burke, muuaji wa kukodiwa anayeigizwa na John Lithgow kwa ubaridi wa mhasibu, akivuta uzi wa chuma uliofichwa ndani ya saa yake ya mkononi, na kwa mwenye masikio mazuri kila kitu kinakaa mahali pake: muuaji alikuwa ameingia mkandani kabla hata ya risasi. Hakuna mhusika anayesimama kutueleza hilo. Limeachwa pale kwa ajili ya mtu anayesikiliza, na ni mambo ya namna hii yanayomfanya mpenzi wa filamu airudie kazi hii bila kuchoka, kwa kuwa anajua amewekewa akiba.

Usiku huohuo, katika chumba cha moteli, Sally amelala na Jack amevaa spika za masikioni. Ameshika penseli, na mkanda unapozunguka anaielekeza huku na huku kama alivyofanya na maikrofoni: pale palikuwa na wapenzi, pale chura, pale bundi. Picha za darajani zinarudi, lakini safari hii zinazaliwa na sauti. Halafu mlio. Halafu mpasuko. Katikati yake pana nafasi ndogo sana ambayo mtu mwingine yeyote angeipita, na tunauona uso wa Travolta ukiigundua.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa filamu. Mtu mmoja aitwaye Manny Karp, mpiga picha za fumanizi anayeigizwa na Dennis Franz, alikuwa kichakani usiku ule na kamera ya filamu, eti kwa bahati tu, na ameliuzia jarida moja picha za ajali ile fremu kwa fremu. Jack analipata jarida, anazikata fremu kwa mkasi moja baada ya nyingine, anazipiga picha kwa mpangilio wake, na anapozizungusha anapata filamu fupi ya kukwaruza isiyo na sauti. Kisha analeta mkanda wake na kuanza kazi ya kutafuta mahali ambapo picha na sauti vinakutana. Anatia alama. Anarudisha nyuma. Anasogeza kidogo, anarudisha tena. Vinapokutana, mwako mdogo unaonekana kichakani pamoja na moshi, katika nukta ileile ambayo mlio wa risasi unasikika. Kwa dakika kadhaa hatuambiwi chochote kwa maneno, na bado hata mtu asiyewahi kushika mkanda wa filamu anaelewa kila hatua, anaanza kuitamani ile alama ya kalamu ifike mahali pake, na anafurahi inapofika. Nimeona filamu nyingi zinazodai kueleza jinsi sinema inavyotengenezwa. Hii inatufanya tuitengeneze sisi wenyewe vichwani, na matokeo yake yanakuwa ushahidi wa mauaji.

Mmarekani wa mwaka 1981 asingeweza kutazama fremu zile bila kukumbuka nyingine. Abraham Zapruder alikuwa Dallas na kamera yake ya nyumbani tarehe 22 Novemba 1963 Rais Kennedy alipouawa. Umma uliziona fremu zake kwanza zikiwa zimechapishwa katika jarida la Life, na ilichukua hadi mwaka 1975 kwa filamu yenyewe kuonyeshwa ikitembea katika televisheni ya taifa zima. Filamu ile haikuwa na sauti. Kwa hiyo Jack anapolinganisha picha na mlio, anatimiza ndoto ya kizazi kizima cha watu waliotaka kusikia idadi ya risasi. Gari linalotumbukia majini likiwa na mwanasiasa na msichana nalo linaamsha habari za Chappaquiddick za mwaka 1969, Seneta Edward Kennedy alipotoka hai na mwanamke kijana aliyekuwa naye akafa; De Palma amepindua tu nani anabaki. Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon, imetanda juu ya yote hayo, kwa maana ya taifa lililokwisha kuzoea kusikia kwamba mikanda fulani imefutwa.

Hata hivyo njama yenyewe ni ndogo kuliko mtu anavyotarajia, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Wapinzani wa gavana walitaka kumfumania tu: apigwe picha akiwa na msichana, aaibike, ajiondoe. Sally na Karp walilipwa kwa kazi hiyo. Burke ndiye aliyeamua kwa hiari yake kupiga tairi risasi, na anapotoa taarifa kwa simu, mtu aliyemkodi anashtuka na kutaka kumkana. Burke hajali. Anabadilisha tairi ili tundu la risasi lisionekane, kisha, ili kifo cha Sally atakapomuua kisihusishwe na gavana, anaanza kuwaua wanawake wengine wasio na hatia ili polisi waamini kwamba mjini kuna muuaji mwendawazimu. Hakuna kikao cha wazee wenye sigara katika chumba chenye giza. Kuna mtu mmoja anayependa kazi yake kupita kiasi, na kumzunguka yeye kuna watu wengi wa kawaida ambao kila mmoja ana sababu yake ndogo ya kutotaka kujua: msaidizi anamhurumia mjane, polisi hataki usumbufu, jarida limekwisha kuuza nakala zake. Njama ya namna hii inaniogopesha zaidi kuliko ile ya mashirika makubwa, kwa sababu haina makao makuu ambayo mtu angeweza kwenda kuyachoma.

Upigaji picha ulikuwa mikononi mwa Vilmos Zsigmond, na hapa ni lazima nirudi kwenye yule bundi. Kwa kawaida lenzi ikimwona vizuri aliye karibu, aliye mbali huwa na ukungu. Ndivyo macho yetu yanavyoambiwa wapi pa kuangalia. Zsigmond na De Palma wanatumia mara kwa mara nusu kioo cha ziada kinachowekwa mbele ya lenzi upande mmoja, ili kitu kilicho karibu sana na kilicho mbali sana vionekane wazi kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni picha isiyo ya kawaida, yenye mshono hafifu katikati, ambamo vitu viwili vinadai kutazamwa kwa haki sawa. Katika filamu nyingine ningeita huo umalidadi. Katika kisa kuhusu mtu anayejaribu kuunganisha vipande viwili ambavyo kila mtu anataka vibaki mbali, naona kioo kile kinafikiri pamoja na Jack.

Katikati ya filamu Jack anamsimulia Sally kwa nini aliacha kazi yake ya zamani. Alikuwa akiifanyia kazi kamisheni iliyochunguza rushwa ndani ya polisi, na siku moja alimfunga askari kanzu, Freddie Corso, kinasa sauti mwilini ili akakutane na watuhumiwa. Fundi alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa jasho. Freddie alipata hofu, akatoka jasho, betri ikaanza kumchoma, na alipokwenda msalani kujaribu kukitoa kifaa alikuwa amekwisha kugundulika. Jack alichelewa kwa dakika chache na kumkuta ameninginizwa. Masimulizi haya yanachukua muda mfupi, lakini yanabadilisha jinsi tunavyomwelewa Jack: ushupavu wake wa kutaka ukweli ujulikane kwa udi na uvumba ni deni analolilipa kwa maiti. Na pale anapomfunga Sally waya wa kunasia sauti ili akakutane na mtu anayedhaniwa kuwa mwandishi wa habari, tunaona mikono ileile ikifanya kazi ileile. Safari hii ameangalia betri. Hakuna kilichoharibika katika vifaa. Vinafanya kazi kikamilifu hadi mwisho, na hilo ndilo litakalomuua moyo.

Wapo wasiompenda Sally. Wanasema ni mjinga kupita kiasi, sauti yake ni ya kitoto, na kwamba filamu inamtumia kama kila mtu mwingine anavyomtumia. Sehemu ya mwisho ya shutuma hiyo ni kweli, na nadhani filamu inaijua. Karp anamtumia, wapinzani wa gavana wanamtumia, Burke anamtafuta kama mtu anayefuta hesabu ubaoni, na Jack, anayempenda, anamtuma kwenye hatari kwa sababu anahitaji ushahidi. Nancy Allen anamwigiza kwa uchangamfu wa mtu aliyezoea kujikongoja na kutolaumu mtu. Anapozungumzia ndoto yake ya kufanya kazi ya urembo wa waigizaji, anaeleza namna ya kupaka vipodozi ambavyo havionekani kama vimepakwa, na kwa mara moja tunamsikia mtu mwenye ufundi wake, sawa na Jack. Travolta naye, ambaye watu walimjua kwa kucheza dansi, hapa ametulia. Anaigiza kwa masikio. Sijaona kazi yake nyingine iliyo bora kuliko hii.

Kabla ya mwisho kuna picha moja ambayo mwanafunzi yeyote wa sinema anapaswa kuisoma polepole. Jack anaingia ofisini na kugundua kwamba mikanda yake imefutwa. Anachukua mmoja, anausikiliza: hakuna kitu. Anachukua mwingine. Kamera iko katikati ya chumba na inazunguka, inazunguka tena, inampita Jack akivuruga makabati, inapita mashine zinazotoa mvumo mtupu, inamkuta tena akiwa na mikanda mingine mikononi, hali yake ikizidi kuwa mbaya kila inaporejea. Kamera inazunguka kama mikanda yenyewe. Mtu ambaye maisha yake yote yamo katika sauti anazungukwa na ukimya wa rafu nzima, na De Palma hakati picha, kwa hiyo nasi hatupati pa kutokea.

Kisha gwaride. Philadelphia inasherehekea sikukuu ya kubuni ya Kengele ya Uhuru, na rangi nyekundu, nyeupe na buluu, ambazo zimekuwa zikijipenyeza katika nguo, taa na kuta tangu mwanzo, sasa zinafurika mjini kote. Burke amejifanya mwandishi wa habari na kumchukua Sally kutoka kituo cha treni cha 30th Street. Jack anawasikia kupitia waya: kila neno, kila pumzi, bila kujua wapo wapi. Analipitisha gari lake katikati ya umati na gwaride na kuishia ndani ya dirisha la duka lililopambwa kwa onyesho la Nathan Hale, yule jasusi wa mapinduzi aliyenyongwa na Waingereza mwaka 1776, akiwa na kitanzi shingoni. Anayemkumbuka Freddie Corso hatahitaji maelezo. Inasikitisha kufikiri kwamba sehemu hii ilibidi ipigwe mara mbili: mikanda yenye picha za gwaride iliibwa ikisafirishwa, na kuzipiga upya kuligharimu takriban dola 750,000, László Kovács akishika nafasi ya Zsigmond ambaye alikuwa amekwisha kwenda kwenye kazi nyingine. Anayetazama leo hawezi kuona mshono wowote.

Jack anapozinduka, usiku umeingia na fataki zinapasuka. Anamsikia Sally akimwita kwenye sikio lake. Anakimbia kwa mwendo wa taratibu, akiwapita watu wanaoangalia juu na kufurahi, huku kule juu, mbele ya bendera kubwa ya Marekani, msichana anapiga yowe ambalo mji mzima ungelisikia kama usingekuwa unashangilia. Anafika. Anamuua Burke kwa silaha ya Burke mwenyewe. Amechelewa kwa dakika chache, kwa mara ya pili maishani, na anamkumbatia maiti chini ya anga iliyojaa rangi. Wapo wanaoona muziki wa Pino Donaggio hapa umezidi utamu na fataki zimezidi urembo. Mimi naona uzuri ule ni ukatili uliokusudiwa. Sherehe haijui kitu, na haipunguzi hata cheche moja kwa ajili ya mtu mmoja.

Ushahidi wa Jack, Burke alikwisha kuutupa mtoni. Kilichobaki ni mkanda mmoja wa sauti ya Sally, ambao Jack anausikiliza peke yake nje kwenye theluji. Halafu tunarudi chumba cha kuonyeshea, kwenye filamu ile ya ovyo, bafuni, kisu kikiinuliwa, na kinywa cha yule msichana kinatoa yowe la kweli. Bosi amefurahi mno. Jack anakubali kwamba ni yowe zuri, anarudia kwamba ni zuri, na anaziba masikio.

Watazamaji wa mwaka 1981 walitoka ukumbini wakiwa na hasira, nami siwalaumu. Swali linaloendelea kubishaniwa na wapenzi wa filamu ni kwa nini Jack alifanya vile. Wengine husema ni adhabu anayojipa. Wengine husema amevunjika akili. Kuna wanaoona ni De Palma akijishtaki mwenyewe, mtu aliyepata riziki kwa mayowe ya wanawake. Mimi huegemea maelezo ya kikazi: Jack ni fundi, aliagizwa yowe, na sauti ile ndiyo kitu pekee cha kweli alichonacho, ambacho dunia imekataa kukipokea kama ushahidi lakini iko tayari kukipokea kama burudani. Hakuwa na mahali pengine pa kukipeleka ambapo kingesikika. Tafsiri hiyo haimsafishi, na sidhani anataka kusafishwa.

Kwa atakayeitafuta baada ya kusoma haya, nina ombi moja tu. Aepuke nakala za zamani zilizokatwa pembeni ili zitoshe katika televisheni za mraba, kwa sababu picha hizi zilipangwa kwa skrini pana na mara nyingi jambo muhimu liko kwenye ukingo kabisa. Bundi akikatwa, hakuna tena bundi na Jack, kuna mtu darajani tu. Na avae spika za masikioni, hasa kwenye zile dakika za daraja, kabla gari halijafika.